Mchujo wa Wagombea katika Uchaguzi wa Bodi za AMCOS

Mkulima wa korosho anafahamu kwamba thamani ya mzigo wake huanza kuamuliwa kabla ya mnada, pale korosho zinapopangwa kuwa za daraja la kwanza au la pili. Uchaguzi wa bodi ya chama cha msingi una hatua inayofanana na hiyo. Siku ya Mkutano Mkuu wanachama hupiga kura, lakini majina wanayoyakuta mbele yao yamekwisha kupita katika mchujo.

Kwa wananchi wa Masasi na Newala jambo hili si dogo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, korosho za mkulima hupitia chama chake cha msingi kabla ya kufika katika minada ya vyama vikuu: MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala. Bodi ya AMCOS ndiyo inayomsimamia mtendaji, mizani, makato na orodha ya malipo. Jina likikosewa katika orodha hiyo, ada ya mtoto wa shule huchelewa.

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 imeufanya Mkutano Mkuu kuwa chombo cha juu cha uamuzi katika chama. Aidha, sheria, kanuni na masharti ya chama huweka sifa za mgombea, na sifa haziwezi kujikagua zenyewe. Mchujo, basi, ni wa lazima. Chama kinachoshika fedha za mamia ya wakulima hakipaswi kumkabidhi daftari mtu aliyekwisha kukitia hasara. Swali ni namna mchujo huo unavyofanyika.

Wapenzi wa mpira watakumbuka yaliyotokea mwaka 2013 katika Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, ambalo nalo ni chombo cha wanachama. Kamati ya Rufaa ya Uchaguzi ilimwondoa Jamal Malinzi katika kinyang'anyiro cha urais, akabaki Athumani Nyamlani peke yake. Malalamiko yakafika FIFA, uchaguzi uliopangwa kufanyika Februari ukasimamishwa, na mchakato ukaanza upya. Wapiga kura walipopewa majina yote mawili, tarehe 27 Oktoba 2013, Malinzi alishinda kwa kura 73 dhidi ya 52. Hatuingii katika hoja za kisheria za upande wowote. Linaloonekana wazi ni kwamba, kama mchujo wa kwanza ungesimama, mkutano huo ungekuwa umebakiwa na kazi ya kuthibitisha tu.

Kwa hiyo mwanachama hana budi kujua mapema nani anawateua wachujaji. Bodi inayomaliza muda wake ikiwachagua wenyewe, huku wajumbe wake wakigombea tena, mchujo huo hauwezi kuaminika hata ukifanywa na watu waadilifu. Ajue pia kama sifa zimebandikwa ubaoni kabla ya fomu kutolewa. Sharti linalozuka baada ya fomu kurejeshwa mara nyingi huwa limemlenga mtu fulani. Zaidi ya yote, aliyekatwa jina apewe sababu kwa maandishi, na apewe siku za kutosha kukata rufaa kabla ya kura kupigwa. Rufaa inayosikilizwa baada ya matokeo kutangazwa huligawa tawi zima.

Wenzetu wa Marekani wameacha mlango mwingine. Katika masharti ya mfano ya vyama vya akiba na mikopo vilivyosajiliwa na serikali kuu ya nchi hiyo, kamati ya uteuzi huwa na watu wasiopungua watatu, nao huteuliwa na mwenyekiti wa bodi. Hata hivyo, mwanachama aliyeachwa na kamati anaweza kuingia katika kura kwa kukusanya saini za asilimia 1 ya wanachama, zisizopungua 20 na zisizohitajika kuzidi 500.

Masharti ya chama chako ni mali yako. Omba kuyasoma katika ofisi ya AMCOS, hasa sehemu ya uchaguzi, kabla fomu hazijaanza kutolewa. Penye utata, Afisa Ushirika wa Halmashauri ana wajibu wa kukufafanulia.