Mdomo wa Mtutu Hauchezewi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mpiga shabaha anapompelekea fundi raifali yake, la kwanza kuulizia ni mifereji ya nje ya mtutu, kwa kuwa inaonekana na inapendeza. Mdomo, pale risasi inapoachana na chuma, haumjii akilini. Maagizo haya ni ya fundi mwenye kibali cha kazi hii na ya mwenye silaha anayemlipa. Asiye na kibali asiguse kitu.

USIMALIZE mdomo kabla ya mifereji. Mifereji kwanza, mdomo mwisho. Kila nyama ya chuma inayoondolewa nje yaweza kubadilisha hali ya tundu ndani, na mdomo uliochongwa mapema unaweza kuharibika ukingali mpya.

USIKATE mifereji kwenye mtutu usiojua ulivyotengenezwa. Kuna mitutu ambayo michirizi yake ya ndani hukatwa kidogo kidogo kwa ncha moja. Kuna mingine ambayo kitufe kigumu cha kabaidi hupitishwa kwa nguvu tunduni, kikafinya chuma. Huu wa pili hubaki na mkazo mwilini usipopashwa moto barabara ukatulia. Ukiupunguza kwa nje, mkazo hupata upenyo: tundu hupanuka mahali fulani, na risasi iliyokuwa imebanwa sawasawa hulegea njiani. Tundu lililopanuka halirudi. Muulize aliyeutengeneza. Wapo wanaofuta dhamana pindi mtutu wao unapokatwa mifereji, na wana haki.

JUA unachokinunua. Mifereji hupunguza uzito, basi. Mtutu wenye mifereji haushindi kwa ukakamavu mtutu mzima wa unene uleule. Huushinda ule mwembamba wenye uzito sawa na wake. Hupoa upesi kwa kuwa eneo la nje limeongezeka, lakini pia hupata moto upesi kwa kuwa chuma kimepungua. Anayekuuzia mifereji kama dawa ya shabaha mbovu anakudanganya.

USISOGEZE mifereji hadi kwenye chemba. Hapo ndipo baruti inapolipuka. Risasi ya .308 Winchester imewekewa ukomo wa pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba, na kinachozuia nguvu hiyo karibu na uso wako ni unene wa chuma tu. Uingereza ina sheria ya 1868 ya kujaribu mitutu, na mtutu uliopunguzwa nguvu hurudishwa kwenye nyumba ya majaribio, London au Birmingham, kabla haujauzwa. Hata kama nchi yako haina sheria hiyo, shika nidhamu yake.

KATA mfereji mmoja, kisha ule unaoukabili upande wa pili, kwa mikato myepesi na maji ya kupozea tele. Ukikata upande mmoja hadi mwisho, mtutu waweza kupinda.

Sasa mdomo, na hapa sitaki haraka. Gesi ya baruti huifuata risasi kwa nyuma. Mdomo ukiwa sawa pande zote, gesi hutoka kwa pamoja na risasi huenda zake. Upande mmoja ukiwa na pengo, gesi huvuja hapo kwanza na kuisukuma risasi kitakoni wakati haina tena kitu cha kuishika. Franklin Mann wa Marekani, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu safari ya risasi, alieleza majaribio ya mitutu aliyoikata midomo mshazari kwa makusudi apate kuona risasi zinavyopotoka. Wewe usiyarudie kwa uzembe kwenye bunduki ya mteja.

USIPIME kwa ngozi ya nje ya mtutu. Tundu mara nyingi haliko katikati kabisa. Funga mtutu kwenye mashine ya kukereza yenye taya nne, ingiza saa ya kupimia ndani ya tundu lenyewe, urekebishe hadi mshale utulie. Ziba tundu kwa kitambaa lisiingie vumbi la chuma. Tumia kisu kikali na ukate kutoka ndani kwenda nje, ili mwiba wa chuma usisukumwe kwenye michirizi.

USIABUDU pembe. Nyuzi 11 ni desturi nzuri, mdomo bapa hufaa, na uliozamishwa kidogo hujikinga unapogongwa. Kinachodaiwa ni usawa.

USITUMIE msumeno wa mkono na tupa ukaita hiyo kazi. Na unapofupisha mtutu Marekani, kumbuka kwamba raifali yenye mtutu chini ya inchi 16 huangukia sheria nyingine kabisa.

KAGUA. Vuta kijiti cha pamba kutoka ndani kuvuka ukingo, ukizunguka pande zote. Nyuzi zikinasa, mwiba upo. Baada ya kufyatua risasi kadhaa uwanjani, toa risasi zote, ondoa bolti, ndipo utazame masizi mdomoni: yawe nyota yenye miale inayolingana. Mwale mmoja ukiwa mrefu kuliko wenzake, rudi kwenye mashine.

USISAFISHE kutokea mdomoni kama unaweza kuingilia nyuma. Bunduki kama M1 Garand haina njia ya nyuma. Hiyo ivalishe kikinga mdomoni, ufito wa kusafishia usisugue ukingo. Na ufito uufute kila unapoutoa, maana mchanga ulioshikana nao hula chuma.