MTOTO ANASEMA "TUTU": TUMSAIDIE ASEME "KUKU"

Mama mmoja wa darasa letu la jioni hapa Mbingu alinijia baada ya somo. Alisema:

"Mwalimu, mwanangu ana miaka 5. Akitaka kusema kuku, anasema tutu. Kaka anamwita tata. Wenzake wanamcheka. Sasa hataki kusema mbele ya watu. Bibi yake anasema ana udata, akatwe chini ya ulimi. Nifanye nini?"

Wazazi wengi wana swali hili. Tujifunze pamoja.

Watoto hawajifunzi sauti zote kwa siku moja. Sauti za midomo, kama m, b na p, huja mapema. Sauti ya r huchelewa. Mtoto wa miaka 4 akisema "balabala", msihangaike. Lakini katika umri huo, hata mgeni anapaswa kuelewa sehemu kubwa ya maneno yake. Na mtoto mwenye lafudhi ya Kindamba au Kipogoro si mgonjwa. Anasema kama watu wa nyumbani kwake.

TUANZE NA MASIKIO

Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kutamka vizuri. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ndogo. Kama hageuki, au sikio linatoa usaha, mpeleke zahanati, au hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara. Usimtie mafuta wala dawa ya majani sikioni.

Ulimi nao usikatwe nyumbani. Wembe huweza kuleta damu nyingi na pepopunda. Mganga wa hospitali ndiye autazame.

KUMFUNDISHA

1. Afundishwe kusikia. Weka chini kipande cha mkaa na taa. Sema, "Nipe kaa." Kisha, "Nipe taa." Rudia mpaka asikosee. Hapo bado hajatamka kitu.

2. Aone kinywa chako. Kwa t, ncha ya ulimi hugusa nyuma ya meno ya juu. Kwa k, ncha hubaki chini, na nyuma ya ulimi hupanda juu. Akishindwa, alale chali. Ulimi utarudi nyuma wenyewe.

3. Atamke silabi: ka, ke, ki, ko, ku. Ndivyo nanyi mlivyoanza kusoma.

4. Atamke maneno: kaa, kuku, kaka. Mwisho, sentensi.

Dakika 5 au 10 kila siku zinatosha. Hata kule shambani, mkiwa juu ya dungu mnalinda ndege wa mpunga, nafasi ipo.

Akikosea, usimkaripie. Akisema, "Tutu ametaga," mjibu, "Ndiyo, kuku ametaga." Atasikia sauti iliyo sawa, wala hataona haya.

Kutamka vibaya si ujinga. Lakini mtoto anayechekwa hunyamaza, na akinyamaza darasani watu humdhania mjinga.

Mama yule ameanza. Juzi mtoto aliambiwa alete kaa, akaleta kaa. Kuku bado ni tutu. Lakini ameanza tena kuzungumza na wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tunaanza na masikio?
2. Kuna hatari gani kukata ulimi nyumbani?
3. Tutawaambia nini watoto wanaomcheka mwenzao?