Moshi wa Jikoni na Haki ya Jirani

Apitaye njia ya Malindi kwenda Lamu huyaona magunia ya makaa kando ya barabara, na akifika Garsen jioni huenda akakuta moshi wa taka umetanda juu ya maduka. Na bado wako wadhanio kuwa hewa chafu ni balaa ya Nairobi na Mombasa pekee!

Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka mitano ni zaidi ya 237,000. Kiuacho hasa ni chembe zake nyembamba mno, ambazo upana wake haufiki sehemu ya ishirini ya unywele. Hizo hushuka mapafuni, nyingine zikaingia damuni. Nazo huleta nimonia kwa watoto, na kiharusi na maradhi ya moyo kwa wakubwa. Masizi hayo hayo yakiwa angani hunyonya joto la jua, yakaongeza hari ya dunia. Lakini hayakai sana. Baada ya siku chache au majuma mawili huanguka. Kwa hiyo moshi ukipunguzwa, faida yake huonekana upesi.

Amma mchoma makaa, tusimlaumu bila insafu. Wamo miongoni mwao waliofiwa na mifugo yao katika ukame wa 2020 hadi 2023. Afadhali akate mathenge, mti ulioletwa Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni ukaja kulivamia bonde la Tana, kuliko kukata miti ya asili. Walakini moshi wa mathenge ni moshi vile vile.

Mafakihi wa Kimaliki tangu kale waliuhesabu moshi wa tanuri na wa hamamu uingiao kwa jirani katika madhara yanayozuiliwa. Basi mwenye duka awashaye taka na chupa za plastiki wakati wa magharibi, moshi ukaingia msikitini na katika chumba cha mtoto mchanga, asijitetee kuwa achoma uwanjani mwake.

Na nyumbani je? Kuni kavu hutoa moshi haba kuliko mbichi. Jiko lenye udongo ndani, lililoanza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupunguza makaa kwa theluthi au zaidi. Ila lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu. Gesi ni bora kuliko vyote hivyo, kwa awezaye. Twawajua waume waliotumia maelfu ya shilingi katika harusi ya siku tatu, na wake zao hadi leo wapuliza kuni katika banda lisilo dirisha.