Jiwe jeusi halinyonyi sumu

Swali: Daktari, hapa Barumbu mdogo wangu aligongwa na nyoka mguuni akichuma sombe. Tulimchanja na kumwekea jiwe jeusi. Tulifanya vema? Na buibui wakubwa wenye manyoya, je?

Jibu: Mama, mlimhangaikia kwa upendo, lakini jiwe hilo halitoi sumu, na chale huongeza kidonda tu. Kinachoua zaidi ni saa zinazopotea. Misitu ya kwenu, hapa Tshopo, ina nyoka aitwaye bafe wa Gaboni, mnene, anayelala kimya kwenye majani makavu. Sumu yake huvimbisha, huozesha nyama na kuzuia damu kuganda. Yupo pia swila wa msituni, ambaye sumu yake hulegeza misuli hadi pumzi ikome. Mtu akigongwa na nyoka, mvue pete na bangili, mfunge mguu kwa banzi bila kukaza kamba, asitembee kabisa. Mpakieni kwenye pikipiki au mtumbwi mara moja, hata kama safari ni ya Kisangani. Ulizeni leo, kabla ya ajali nyingine, ni hospitali gani ina dawa ya kuua sumu. Vituo vingi vya vijijini havina, na hilo linaniuma. Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017 tu.

Buibui hao huuma kwa uchungu, lakini ni nadra kuua. Osha jeraha kwa sabuni. Shambani vaeni buti za mpira.