Maji ya uzazi na seli shina: Je, ni tiba ya seli mundu?

Wazazi wengi wa Bungoma na Kitale wenye watoto wanaougua seli mundu huniuliza swali moja: "Daktari, ni kweli maji yanayomwagika chupa ikipasuka wakati wa kujifungua yanaweza kumponya mtoto wangu?" Wengine huja na pakiti za unga walizouziwa kwa bei ya ndama, wakiambiwa kwamba ndani mna seli shina. Swali hilo linastahili jibu kamili.

UGONJWA WENYEWE

Chembe nyekundu za damu huwa za mviringo na laini. Kwa mtoto mwenye seli mundu, chembe hizo hupinda kama mundu, zikaganda pamoja na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, vidole huvimba, damu hupungua na magonjwa humwingia kwa urahisi.

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa baba na mama pia, ingawa wao wenyewe kwa kawaida hawaugui. Kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Kwa hiyo si laana, wala si kosa la mama peke yake.

Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu ya jamii mbalimbali nchini. Aliona kuwa urithi huu ni mwingi kando ya Ziwa Victoria na Pwani, lakini ni nadra nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: anayerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana ugonjwa huu umeshika mizizi penye mbu wengi.

SELI SHINA NI NINI?

Ni chembe changa ambayo bado haijapangiwa kazi. Inaweza kujigawa na kuzaa chembe za aina nyingine. Zile zinazotengeneza damu hukaa ndani ya uboho wa mifupa.

Mtoto tumboni huyameza maji ya uzazi na kuyakojoa tena, na chembe za ngozi, mapafu na njia ya mkojo hubanduka humo. Mwaka 2007, Paolo De Coppi, Anthony Atala na wenzao nchini Marekani walitangaza kwamba takriban chembe moja kwa kila mia katika maji hayo ni seli shina. Katika maabara waliweza kuzigeuza zikawa za mfupa, misuli, ini na hata neva, na zilipotiwa katika panya hazikuleta uvimbe. Mwaka 2024, watafiti wa London walitumia chembe za maji hayo kukuza vipande vidogo mno vya tishu za mapafu, figo na utumbo, ili kuchunguza kasoro za mtoto kabla hajazaliwa.

Hayo ni mafanikio makubwa ya maabara. Lakini bado si tiba ya seli mundu.

KINACHOPONYA NA KISICHOPONYA

Tangu 1984, ilipoonekana kwa binti mmoja nchini Marekani, tunajua kwamba kupandikizwa uboho kunaweza kuponya seli mundu. Anayefaa zaidi kutoa uboho huo ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja tu kwa nne ya kulingana na mgonjwa. Kwanza uboho wa mgonjwa huuawa kwa dawa kali. Gharama ni kubwa na hatari zipo.

Je, ule unga? Seli shina ni kitu hai na huhifadhiwa katika baridi kali mno. Haiwezi kukaa hai ndani ya pakiti sokoni. Hata ingekuwepo, ukiimeza tumbo litaisaga kama lisagavyo nyama. Sindano nazo zina hatari: mwaka 2018, wagonjwa 12 nchini Marekani walipata maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu.

LA KUFANYA LEO

Kuna dawa ya vidonge iitwayo haidroksiurea. Ilijaribiwa kwa watoto 606 katika nchi nne za Afrika, Kilifi na Mbale, ng'ambo ya Mlima Elgon, zikiwamo. Matokeo yalitolewa 2018: maumivu na malaria vilipungua kwa takriban nusu, na vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Hutolewa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara.

Pamoja na hiyo:

1. Mpe mtoto penisilini kila siku hadi atimize miaka mitano, na chanjo zote.
2. Alale ndani ya chandarua na atumie dawa ya kuzuia malaria aliyoandikiwa.
3. Anywe maji mengi. Wakazi wa Kitale, mvikeni sweta. Baridi huchochea maumivu.
4. Mkimbize hospitali akipata homa, maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au akipauka ghafla na tumbo kuvimba upande wa kushoto.

Vijana wanaotaka kuoana wapimwe damu mapema.

Anayekuuzia seli shina muulize: zimetoka kwa nani, zimehifadhiwa vipi, na ni hospitali gani itakayomtazama mtoto baadaye? Akishindwa kujibu, usitoe pesa. Na kama umeshanunua, usimwachishe mtoto dawa zake. Njoo kliniki na pakiti hiyo ikaguliwe.