SERIKALI IFANYE NINI BIASHARA INAPODORORA?

Jioni inapoingia, njia ipitayo Kawangware 56 hujaa watu warudio makwao kutoka kazini: walinzi wa mchana, mafundi wa ujenzi, na akina mama wafuao nguo katika nyumba za Lavington na Kileleshwa. Kando ya njia wauza mboga hukatakata sukuma wiki, na wenye vibanda huuza unga, mafuta na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa. Fedha iliyopatikana mchana kwa matajiri huja kutumika hapa jioni. Kwa hiyo, tajiri akipunguza watumishi, muuza mboga hata kama hajui jina lake, hasara humfikia upesi.

Jambo hilo likienea nchi nzima huitwa mdororo wa uchumi. Asili yake si ngumu kufahamu. Matumizi ya mtu mmoja ndiyo mapato ya mwingine. Mtu aogopaye siku za mbele hupunguza matumizi yake, naye hafanyi kosa. Lakini watu wote wakifanya hivyo kwa wakati mmoja, bidhaa hukosa wanunuzi, wafanyakazi huachishwa kazi, na hofu huzidi. Ndipo watu huuliza Serikali ifanye nini. Katika Kenya, kama katika nchi nyingine, wanasiasa wametoa majibu matatu makubwa.

SERIKALI ITUMIE FEDHA ZAIDI

Wenye rai ya kwanza husema kwamba raia wanapoogopa kutumia, Serikali haina budi kutumia badala yao, hata ikilazimu kukopa. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliwaajiri maelfu ya vijana katika kazi za umma kuanzia mwaka 1933, na mwaka 1936 mtaalamu wa Kiingereza, John Maynard Keynes, aliandika kitabu cha kueleza kwa nini njia hiyo yaweza kufaa.

Kenya iliifuata mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza mwezi wa Machi, na wauza mboga wakapoteza saa zile za jioni ambazo ndizo za biashara. Serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14, ikawasamehe kodi ya mapato waliolipwa mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi, na kuanzisha Kazi Mtaani, ambayo vijana wa Kibera na mitaa mingine walilipwa ujira kwa kufyeka nyasi, kuzoa taka na kuzibua mitaro.

Wapinzani wa njia hii huuliza deni litalipwa na nani. Tena, msamaha wa kodi ya mshahara haumfikii mchuuzi asiye na mshahara. Na msaada huweza kuwa wa muda tu: tarehe 1 Januari 2021 kodi ya ongezeko la thamani ilirudi asilimia 16.

SERIKALI IJIBANE NA KULIPA MADENI

Wenye rai ya pili hukumbusha kwamba dawa ya deni ni kulipa. Serikali ikikopa bila kiasi, riba hula fedha za shule na hospitali, na wakopeshaji hukosa imani nayo. Kwa hiyo yapasa kupunguza matumizi na kukusanya kodi ya kutosha.

Hoja hii ina nguvu, lakini yafaa kutazama mzigo humwangukia nani. Katika mdororo wa miaka ya 1930, bei ya mahindi ilipoanguka, Mwafrika wa Kenya aliendelea kudaiwa kodi ya nyumba ya shilingi 12, ingawa sasa ilimbidi kuuza mahindi mengi zaidi ili kuzipata. Wakati huo huo, Benki ya Ardhi, iliyoanza mwaka 1931, iliwakopesha wakulima wa Kizungu. Lord Moyne, aliyetumwa kutoka Uingereza mwaka 1932 kuchunguza jambo hilo, aliona kwamba Waafrika walitozwa kodi nyingi na kupata huduma chache.

Katika siku za karibu, Serikali ya Rais William Ruto iliondoa ruzuku ya unga na ya petroli mwaka 2022, na mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ya magari ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta yakipanda, nauli hupanda, na gunia la mboga hufika sokoni kwa gharama kubwa zaidi. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipotaka kodi zaidi, vijana waliandamana. Tarehe 25 Juni watu waliuawa, na siku ya pili yake Rais alikataa kuutia sahihi.

SERIKALI IWASAIDIE WADOGO MOJA KWA MOJA

Rai ya tatu ndiyo iliyoshindaniwa sana katika uchaguzi wa mwaka 2022. Bwana Ruto alinena juu ya uchumi wa kuanzia chini, na baada ya kushinda akaanzisha Hazina ya Hustler, itoayo mikopo kwa njia ya simu kuanzia shilingi 500. Mpinzani wake, Bwana Raila Odinga, aliahidi shilingi 6,000 kila mwezi kwa jamaa maskini.

Wote wawili walisema wanamtazama mnyonge, lakini hawakumtazama mtu yule yule. Mkopo humsaidia muuzaji kununua bidhaa. Posho humsaidia mnunuzi kuzinunua. Muuzaji aliyekopa bila kupata mnunuzi hubaki na nyanya zilizooza pamoja na deni. Kwa upande mwingine, posho isiyo na kodi ya kuitegemeza haiwezi kudumu.

LA KUZINGATIA

Hakuna njia kati ya hizo isiyo na gharama. Anayesema kwamba anayo amewaficha watu nusu ya hesabu. Raia mwenye busara husikiliza kila ahadi, kisha huuliza: Nani atapata kwanza? Nani atalipa? Atalipa lini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya Serikali ni mali ya mlipa kodi, akiwemo yule anunuaye pakiti moja ya unga jioni pale Kawangware 56.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini akiba ya kila mtu yaweza kuwa hasara ya wote?
2. Je, mdororo ukija, yafaa kumsaidia muuzaji kwanza au mnunuzi? Toa sababu.
3. Mchuuzi asiye na mshahara hulipa kodi zipi bila kuandikiwa stakabadhi?