Wimbo Uliouchagua Mwenyewe: Muziki na Afya katika Nyumba za Kibera na Kawangware

Kijitabu hiki ni cha nyumba ya chumba kimoja: futi 10 kwa 10, ukuta wa mabati au wa udongo, pazia kati ya kitanda na jiko, na nyuma ya ukuta familia nyingine yenye redio yake. Vitabu vingi vinavyosifu muziki kuwa tiba humwambia msomaji afunge mlango, alale chali, asikilize kwa utulivu. Mkazi wa Gatwekera kule Kibera au wa Gatina kule Kawangware akifunga mlango bado anasikia gospeli ya jirani wa kulia, mpira kwenye televisheni ya jirani wa kushoto, na wufa ya kinyozi aliye mbele. Tumeandika tukijua hivyo. Anayeweza kusoma awasomee wenzake jioni, na msipokubaliana na tulichosema, bisheni.

Jambo tunalotaka libaki nyumbani ni moja. Muziki humfaa zaidi mtu mwenye uamuzi juu yake: ni wimbo gani, kwa sauti ya kiasi gani, saa ngapi, na unazimwa lini. Uamuzi huo ukiondoka, wimbo uleule unaomliwaza mwenzako unageuka mzigo juu ya moyo wako, na hapa tunasema moyo huu unaopiga kifuani.

Mwilini kunatokea nini

Ukisikia wimbo unaoupenda, ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo pia hutoka mtu mwenye njaa anapopata chakula kitamu. Watafiti wa Montreal, Kanada, walilipima jambo hili mwaka 2011 wakaona kwamba ubongo huanza kufurahi hata kabla wimbo haujafika pale patamu. Yeyote aliyewahi kungoja sebene ya rumba ianze analijua hilo bila kupimwa.

Mwendo wa wimbo nao huuvuta mwili. Mwaka 2006 daktari Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake waliwasikilizisha watu muziki wa aina mbalimbali huku wakipima pumzi, mapigo ya moyo na presha. Muziki wa mwendo wa kasi ulivipandisha vyote, awe msikilizaji anaupenda au haupendi. Wa polepole ulituliza. Lakini lililowashangaza ni kimya. Walikuwa wameweka dakika 2 za kimya katikati ya nyimbo, na katika dakika hizo mwili ulitulia kuliko ulivyokuwa kabla muziki haujaanza.

Hilo lina maana kubwa kwa mtu anayerudi kutoka mjengo au kufua nguo za watu Kileleshwa. Akifika, moyo bado unakimbia. Nyimbo za kasi zinamfaa asubuhi anapojikaza kutoka kitandani, au Jumamosi watoto wanapotaka kucheza. Jioni, mpe nusu saa ya nyimbo za polepole anazozipenda, kisha zima kabisa. Kile kimya kinachofuata ni sehemu ya tiba, na mitaani kwetu ndicho kitu adimu kuliko wimbo wowote. Tena mtu mwenye presha asiache vidonge kwa sababu ya muziki. Muziki hushusha presha kidogo na kwa muda. Vidonge ndivyo vinavyoilinda mishipa.

Maumivu pia hupungua. Mwaka 2015 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 73 yenye wagonjwa karibu 7,000 waliofanyiwa upasuaji. Waliosikilizishwa muziki, kabla, wakati au baada ya kupasuliwa, walikuwa na maumivu na wasiwasi mdogo zaidi, na walihitaji dawa chache za kutuliza maumivu. Kwa hiyo ukimpeleka mtu wako hospitali kujifungua au kupasuliwa, pamoja na leso na thamosi ya chai mwekee nyimbo zake kwenye simu, na umuulize muuguzi kama anaweza kuzisikiliza.

Mzee aliyepooza upande

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu katika ploti nyingi yuko mzee au mama aliyepata kiharusi, amekalishwa mlangoni tangu asubuhi, na familia haijui imfanyie nini zaidi ya kumlisha na kumgeuza.

Mwaka 2008 watafiti wa Helsinki, Finlandi, walichapisha matokeo ya wagonjwa 60 waliokuwa wametoka tu kupata kiharusi. Kikundi kimoja kilisikiliza kila siku, kwa miezi 2, muziki ambao wagonjwa wenyewe waliuchagua. Kingine kilisikiliza vitabu vilivyosomwa kwa sauti, na cha tatu hakikupewa chochote cha kusikiliza. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida. Wale wa muziki walipata nafuu zaidi katika kukumbuka maneno na kukaza mawazo kwenye jambo moja, na huzuni iliwapungukia. Kifaa kilichotumika ni cha kusikilizia nyimbo tu. Simu ndogo ya tochi yenye redio na kadi ya memori inafanya kazi hiyohiyo.

Ila usimwekee unachokipenda wewe. Muulize, na kama hawezi kusema waulize wa rika lake: ulipokuwa na miaka 20 mlicheza nini? Mwingine atataka benga ya D.O. Misiani, mwingine taarabu, mwingine rumba ya Franco, mwingine nyimbo za Kikamba au tenzi za kanisani kwa Kiluhya. Wajukuu wazitafute, wamwekee saa moja kwa siku, na mmoja akae karibu naye.

Utaona pia jambo linalowatoa watu machozi: mtu asiyeweza kutamka hata jina la mtoto wake anaimba ubeti mzima. Si muujiza wala uigizaji. Kwa watu wengi usemi hukaa zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na uimbaji hutumia pande zote mbili, kwa hiyo kiharusi kilichoharibu upande wa kushoto kinaweza kuuacha wimbo. Wataalamu wa usemi huanzia hapo kumrudishia mgonjwa maneno. Imbeni naye polepole, mkigonga mapigo kwa kidole kwenye kiganja chake, na muulize kliniki kama mnaweza kupata mtaalamu huyo. Na mtu akianza ghafla kupinda mdomo, kulegea mkono au kuvuruga maneno, hapo si pa wimbo. Ni hospitali, saa ileile.

Mama na mtoto mchanga

Wimbo wa kubembeleza hauna gharama wala hauhitaji stima. Mwaka 2013 utafiti wa hospitali 11 za Marekani, wenye watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati, ulionyesha kwamba nyimbo walizochagua wazazi wenyewe, zikiimbwa taratibu karibu na mtoto, zilituliza mapigo ya moyo na kumsaidia mtoto kunyonya. Imba kwa lugha ya kwenu. Sauti ikikwaruza si neno, kwani mtoto aliizoea tangu tumboni.

Anayesahaulika ni mama mwenyewe. Huzuni nzito inayomshika mwanamke akiwa na mimba au baada ya kujifungua hufichwa sana; majirani husema ni mvivu, au amerogwa. Nchini Gambia watafiti walishirikiana na vikundi vya wanawake waimbaji viitwavyo Kanyeleng. Wajawazito walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 6, wakaimba pamoja nyimbo za kienyeji zilizotungwa kwa ajili yao. Dalili za wasiwasi na huzuni zilipungua kwa walioimba kuliko kwa wasioimba.

Tunaitaja Gambia kwa sababu sisi tunacho kitu kama hicho tayari. Wanawake wa Kinubi, ambao jamii yao imeishi Kibera tangu enzi za askari wa King's African Rifles, wana doluka, ngoma yao ya harusini, wakiimba na kucheza pamoja. Kawangware ina watu wengi waliotoka magharibi mwa Kenya, ambako ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Na chama cha akina mama hakikosi mtaa wowote. Kabla ya kuhesabu pesa, imbeni nyimbo mbili. Mwenzenu aliyejifungua juzi, mfuateni nyumbani mwimbe naye, mumbebee na mtoto.

Ngoma hizi zinauchezesha mwili pia. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kucheza hadi jasho litoke kunahesabika.

Kijana na wimbo wa huzuni

Mzazi akisikia mtoto wa miaka 16 akirudia wimbo mmoja wa kilio usiku kucha, hukimbilia kumnyang'anya ule wimbo. Tunashauri kwanza ausikilize pamoja naye. Vijana wengi hutumia wimbo wa huzuni kusema wasichoweza kusema, na wakimaliza huwa wepesi. Wengine wanazama. Swali la kuuliza ni moja, na uliulize kwa upole: ukimaliza kuusikiliza unajisikiaje, nafuu au vibaya zaidi? Akisema vibaya zaidi, naye anaurudia, anahitaji mtu wa kuzungumza naye.

Kuhusu gengetone na nyimbo nyingine za vijana, wazazi wana haki ya kukataa maneno machafu mbele ya watoto wadogo. Lakini wakumbuke pia kwamba kijana anaposikia mtaa wake ukitajwa kwa fahari anajiona mtu. Octopizzo, rapa wa Kibera, aliifanya Namba Nane, njia ya matatu za kwetu, ijulikane nchi nzima. Na kwa anayeishi peke yake, hasa mgeni mjini, redio ya mtaani ni sauti ya jirani. Pamoja FM ilianza Kibera mwaka 2007, na vurugu za baada ya uchaguzi wa mwaka huo zilipofika milangoni petu iliwasihi watu watulie.

Masikio

Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena, na hakuna dawa inayovirudisha. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 wa miaka 12 hadi 35 wamo hatarini kwa sababu ya usikilizaji mbaya. Kipimo chake ni hiki: sauti ya desibeli 80, mtu mzima anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100, dakika 20.

Nyumbani hatuna mashine ya kupima, lakini kuna njia rahisi. Kama inabidi upige kelele ili mtu aliye hatua moja mbele yako akusikie, sauti hiyo inaharibu. Nganya nyingi zinazokwenda Kawangware (njia ya 46) au Kibera zinazidi hapo. Usikae chini ya spika ukiwa na mtoto, na mwombe konda apunguze. Ni haki yako hata kama abiria wengine watacheka. Dereva na makanga wanaokaa humo tangu alfajiri ndio wanaoumia zaidi, na wake zao ndio wa kwanza kugundua kwamba hawasikii vizuri. Hedifoni ziwe chini ya asilimia 60 ya nguvu ya simu. Masikio yakilia baada ya disko au matanga, yamechoka, yapumzishe. Mlio usipoisha siku ya pili, nenda kliniki.

Ukuta wa mabati

Mwili uliolala bado unasikia. Kelele za usiku hupandisha mapigo ya moyo na presha hata kwa asiyeamka, na zikirudiwa miaka na miaka huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya sheria yetu ya mazingira, zinaweka kiwango cha usiku kwenye makazi kuwa desibeli 35, karibu sawa na mnong'ono, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hakuna mkazi wa Stage Two ya Kawangware atakayetuambia kinafuatwa. Baa, kesha, matanga na kinyozi wote wanakivunja, na kila mmoja ana sababu anayoiona ni njema.

Mwenye wufa anaweza kufanya mengi bila kuizima. Asiiegemeze ukutani wala kuiweka sakafuni. Aiweke juu ya blanketi lililokunjwa, aigeuzie katikati ya chumba, apunguze besi. Blanketi likitundikwa ukutani huzuia sauti nyembamba kidogo, ila besi hupita na kutikisa mabati ya nyumba tatu.

Anayesumbuliwa naye asiende kugonga mlango saa 6 usiku akiwa na hasira. Aende mchana, kwa heshima: "Mama Shiru, nyimbo zako nzuri, lakini mtoto ana mtihani wiki hii. Tunaweza kukubaliana saa tatu iwe chini?" Ikishindikana, mwone keyateka, kisha wazee wa Nyumba Kumi, kisha chifu. Ploti nzima ikikubaliana saa ya kuzima, hakuna anayeonekana mchokozi.

Muziki usipotosha

Mtu asiyelala wiki mbili mfululizo, asiyekula, anayelia bila kujua sababu, anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayesema afadhali afe, asiachiwe wimbo peke yake. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka kwenu. Nenda kituo cha afya cha Kibera South au cha Riruta, au Hospitali ya Mbagathi, ueleze waziwazi. Wakiona inafaa watakutuma Hospitali ya Mathari. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea wanaohitaji msaada wa kisaikolojia, na 116 ni ya watoto. Zote mbili hazilipiwi, kwa hiyo piga hata kama simu haina salio.